Kuandika historia ya Olney ukiwa mgeni

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wazungumzaji wa Kiswahili ambao kazi imewafikisha katika miji midogo ya Uingereza, na ambao huenda siku moja wakaombwa, kama nilivyoombwa mimi, kusaidia kuandika historia na habari za mji ambamo hawakuzaliwa. Kazi hiyo haina mshahara, inakula fedha na siku za mapumziko, na inaweza kukukosanisha na watu unaokutana nao kila asubuhi dukani. Ningali naifanya, lakini ningependa mwingine aianze akiwa na maarifa ambayo mimi niliyapata nikiwa tayari nimo ndani.

Mji wenyewe ni Olney, kaskazini kabisa mwa Buckinghamshire, kando ya mto Great Ouse. Una barabara kuu pana yenye nyumba za mawe, uwanja wa soko unaochangamka kila Alhamisi, na kanisa la Mtakatifu Petro na Mtakatifu Paulo ambalo mnara wake uliochongoka unaonekana kutoka mbali mashambani. Reli ya Bedford na Northampton ilipita hapa kuanzia mwaka 1872, ikaacha kubeba abiria mwaka 1962, na tangu hapo asiye na gari hutegemea basi. Nje ya Uingereza mji huu unajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mbio za wanawake wenye vikaango vya chapati za maji, zinazofanyika Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu. La pili ni John Newton, nahodha wa zamani wa meli za watumwa, aliyekuwa kasisi hapa kuanzia mwaka 1764 hadi 1780 na kutunga maneno ya “Amazing Grace”.

Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na nililetwa huku na kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba ya kuwalelea. Wimbo huo niliujua tangu utotoni katika kwaya, lakini sikuwa nimewahi kujiuliza uliandikwa wapi. Nilipolitaja jambo hilo mbele ya watu wa historia ya mji, mmoja wao aliniomba niandike makala katika kijarida kinachosambazwa majumbani, nimweleze Newton “kwa macho ya Mwafrika”. Nilifurahi na papo hapo nikaingiwa na wasiwasi. Furaha ilitokana na kutambuliwa kama mkazi mwenye la kusema, na wasiwasi ulitokana na kuona kwamba yaliyohitajika zaidi huenda yalikuwa macho yangu kuliko utafiti wangu. Anayeombwa kwa namna hiyo namshauri akubali, ila aombe nafasi ya kusoma kwanza, na aseme mapema kwamba makala itafuata hati zitakakoelekea.

Ushauri huo ulipata maana mara tu nilipoanza kusoma. Hadithi ya Newton inavyosimuliwa makanisani, kwetu na huku pia, ni fupi na tamu: dhoruba ilimkuta baharini, akamlilia Mungu, akaacha biashara ya watumwa, akatunga wimbo. Nyaraka zinasema vingine. Dhoruba ilikuwa mwaka 1748, alipokuwa ndani ya meli iitwayo Greyhound. Baada ya dhoruba hiyo ndipo alipopandishwa kuwa nahodha, akaongoza safari tatu za kununua watu Afrika Magharibi na kuwauza ng’ambo ya Atlantiki kati ya mwaka 1750 na 1754, na daftari la safari hizo aliloliandika kwa mkono wake limehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho ya bahari huko Greenwich. Kilichomtoa baharini mwaka 1754 kilikuwa ugonjwa uliomwangusha ghafla alipokuwa akijiandaa kwa safari nyingine. Baadaye alifanya kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool, akaja Olney kama kasisi, na maneno ya wimbo aliyaandaa kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya wa 1773. Kijitabu chake cha kuishutumu biashara ile hadharani, ambamo anakiri aibu yake mwenyewe, kilitoka mwaka 1788, yaani miaka 34 baada ya safari yake ya mwisho, na wakati huo alikwisha kuhamia London.

Muziki nao ulichelewa. Maneno ya Newton yalichapwa mwaka 1779 katika kitabu cha tenzi za Olney, chenye tenzi 348, zaidi ya 60 kati yake zikiwa za rafiki na jirani yake, mshairi William Cowper. Tuni tunayoijua sote iliunganishwa na maneno hayo nchini Marekani mwaka 1835, Newton akiwa amekwisha kufariki miaka 28. Niliposoma hayo nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa maana niliona kwamba niliyofundishwa hayakuwa uongo moja kwa moja. Yalikuwa kweli zilizosogezwa karibu sana hadi miaka arobaini ikaonekana kama wiki moja. Tangu hapo, kabla ya kuandika aya yoyote huchora mstari wa miaka kwenye karatasi na kuweka kila tukio mahali pake. Ni njia rahisi, nayo hufichua mengi.

Anayechora mstari huo kwa matukio ya Uingereza ya kabla ya mwaka 1752 ajue mtego wa kalenda. Hadi mwaka huo, mwaka wa kisheria hapa ulianza tarehe 25 Machi, na kalenda yenyewe ilikuwa nyuma kwa siku 11. Ndiyo maana dhoruba ya Newton inaandikwa na wengine tarehe 10 Machi 1748, na wengine tarehe 21 Machi, na karatasi ya wakati ule ingeweza kuiweka bado katika mwaka 1747. Zote zinataja siku ileile. Kuzaliwa kwake pia kunatajwa kuwa tarehe 24 Julai 1725 au tarehe 4 Agosti. Msomaji mmoja aliwahi kutuandikia kwa ukali kwamba tumekosea tarehe, nasi tukamjibu kwa sentensi mbili tu, kwa sababu maelezo tulikuwa nayo.

Swali lililonisumbua kuliko tarehe liliulizwa na jirani mwenye nia njema kabisa: je, Newton aliwauza watu wa kwenu? Nilimjibu kwamba meli zake zilikwenda pwani ya Sierra Leone na maeneo ya jirani, mbali sana na Kilimanjaro, na kwamba pwani yetu ilikuwa na biashara yake ya watumwa iliyopita Unguja chini ya masultani. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1807, ile ambayo Newton aliiona ikipitishwa miezi michache tu kabla ya kufa, haikuifuta biashara hiyo ya pwani yetu. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba kwa shinikizo la Waingereza. Niliyaandika hayo katika makala, kwa sababu mgeni akiruhusu mwenyeji amchukulie kuwa msemaji wa bara zima, atajikuta akiombolezea wafu wa watu wengine huku wafu wa kwao wakisahauliwa. Mhariri alitaka kuyakata kwa ajili ya nafasi. Nilimwomba akate aya ya kunisifu badala yake, naye alikubali.

Sasa nije kwenye gharama, maana watu huzificha. Ingawa Olney leo imo katika halmashauri ya Milton Keynes, nyaraka zake za kale ziko Aylesbury, katika ofisi ya nyaraka ya Buckinghamshire, na kwa mtu wa basi hiyo ni safari ya kubadilisha gari njiani na kurudi jioni. Nauli na siku za likizo nilizotumia ndizo zilizoniuma kuliko ada yoyote, kwani kusoma chumbani mle ni bure. Weka nafasi mapema na uagize hati kwa namba zake kabla hujaondoka nyumbani, kwa kuwa orodha hupatikana kwenye intaneti na hakuna huzuni kama ya kufika na kuambiwa kwamba kabrasha ulilolitaka linafanyiwa matengenezo. Chukua kitambulisho chenye anwani yako. Beba penseli, kwa sababu kalamu za wino hazikubaliwi. Uliza pia kibali cha kupiga picha kinauzwaje, kwa maana kupiga picha kurasa nyingi na kuzisoma nyumbani ni nafuu kuliko kurudi.

Kabla ya kulipia tovuti yoyote ya nasaba, nenda kwanza maktaba ya umma. Maktaba nyingi za hapa hukuruhusu kuzitumia tovuti hizo bure ukiwa ndani ya jengo, na mimi nililipa miezi kadhaa bila sababu kwa kutoliuliza hilo. Sensa zenye majina ya watu zinaanza mwaka 1841 na hufanywa kila miaka kumi, na hufunguliwa baada ya miaka 100. Ya mwaka 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya mwaka 1931 usiitafute, iliteketea kwa moto mwaka 1942, na mwaka 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kuna orodha ya wakazi ya mwaka 1939 inayoziba pengo hilo kwa sehemu. Kwa miaka ya kabla ya mwaka 1837, serikali ilipoanza kuandikisha vizazi na vifo, tegemeo lako ni madaftari ya kanisa, ambayo agizo la kuyaweka lilitolewa mwaka 1538. Mwandiko wa karne ya 16 na 17 ni mgumu kiasi cha kukutoa machozi. Usianze nao. Anza na karne ya 19, ukizoea majina ya ukoo na ya mitaa ya mji wako, kisha rudi nyuma taratibu. Jina ulilokwisha kulijua utalitambua hata likiwa limeandikwa kwa mkia na kwato.

Makala ya Newton ilitoka, nami nikajiandaa kwa lawama. Hazikuja. Watu walinisimamisha sokoni wakasema hawakujua kwamba aliendelea kuuza watu baada ya kuongoka, na wengine walikwenda kulitazama upya kaburi lake katika uwanja wa kanisa, alikohamishiwa kutoka London mwaka 1893 pamoja na mkewe Mary, na ambako maandishi aliyojitungia mwenyewe yanasema kwamba aliwahi kuwa mtumishi wa watumwa Afrika.

Lawama zilikuja miezi kadhaa baadaye, tena kwa neno moja. Niliombwa kuandika habari fupi ya mbio za chapati za maji. Mapokeo yanasema zilianza mwaka 1445, mwanamke mmoja aliposikia kengele ya kuwaita waumini kwenye kitubio akiwa jikoni, akakimbilia kanisani na kikaango mkononi. Mimi niliandika “inasemekana”. Niliandika pia yale yenye ushahidi ulio karibu: kwamba mchezo ulififia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwamba padri wa hapa, Ronald Collins, aliufufua mwaka 1948 baada ya kukuta picha za zamani, na kwamba tangu mwaka 1950 wanawake wa Olney hushindana kwa muda na wenzao wa mji wa Liberal, Kansas, kila upande ukikimbia yadi 415 nyumbani kwake. Wakimbiaji huvaa sketi, aproni na kitambaa cha kichwa, na chapati hurushwa juu na kudakwa. Kwangu hiyo ilikuwa habari ya furaha. Kwa baadhi ya majirani ilikuwa mgeni anawaambia kwamba sikukuu yao ni ya kubuni. Barua moja iliuliza ni nani aliyenipa haki ya kutilia shaka miaka 500 ya mji wao, na mtu niliyekuwa nikisalimiana naye alianza kugeuza uso tukikutana.

Niliumia, sitaficha. Nilifikiri kuacha. Kilichonisaidia ni barua ya Newton mwenyewe. Mwaka 1777, baada ya moto kuunguza sehemu ya mji, alijaribu kuwazuia watu wasiwashe mishumaa na mioto ya tarehe 5 Novemba, siku ambayo Waingereza hukumbuka njama ya kulilipua Bunge. Kundi la watu wenye hasira lilielekea nyumbani kwake usiku, na kwa maelezo yake aliwatuliza kwa maneno laini na shilingi moja kwa kiongozi wao. Kasisi aliyewahubiria kwa miaka 13, waliyempenda hadi kanisa likaongezwa roshani ya kukalia, karibu avunjiwe madirisha kwa sababu ya sherehe. Nilipolisoma hilo niliona kwamba yaliyonipata hayakuhusu rangi yangu peke yake, ingawa sitasema hayakuihusu kabisa.

Mhariri alichapa barua ile ya malalamiko yote, bila kuipunguza, na chini yake maelezo yangu mafupi ya kila tamko na lilikotoka. Neno “inasemekana” lilibaki. Hilo liliwezekana kwa sababu kwa kila makala naweka kabrasha lenye nakala za hati, namba zake, tarehe niliyoziona na maneno ya watu walionisimulia pamoja na ruhusa yao. Anayeandika mji mdogo aliko mgeni aanze na kabrasha hilo kabla ya sentensi ya kwanza, kwa maana mwenyeji akikosea husemwa amesahau, na mgeni akikosea husemwa hajui. Mimi naona ni dhuluma, lakini ndivyo ilivyo, na kabrasha ndilo jibu lisilogombana na mtu.

Habari za sasa zina masharti tofauti na historia. Vikao vya baraza la mji viko wazi kwa wananchi, ajenda hubandikwa siku chache kabla, na kumbukumbu za kikao huwekwa hadharani. Unaweza kuketi nyuma ukaandika bila kuomba ruhusa ya mtu. Vinachosha. Saa nzima inaweza kuishia kwenye maegesho ya magari na mti mmoja, lakini maombi ya ujenzi ndiko mji unakobadilika, na watu wengi hulalamika baada ya muda wa kutoa maoni kupita kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Usiandike diwani alichomaanisha; andika alichosema na jinsi kura zilivyogawanyika. Sheria ya kashfa hapa si ya mchezo, na kijarida kidogo hakina mwanasheria.

Jambo la mwisho lililonihitaji uamuzi mgumu ni wazee ninaowahudumia. Bibi mmoja alinisimulia ujana wake kiwandani, enzi za viwanda vya viatu, kwa namna ambayo hakuna hati itakayoweza. Lakini alinisimulia nikiwa kazini, nikimvisha soksi, na yeye akiniona kama mhudumu. Sikuandika hata mstari. Nilizungumza kwanza na msimamizi wangu, kisha na binti yake, kisha nikarudi siku yangu ya mapumziko nikiwa na karatasi ya ridhaa na kinasa sauti, nikamwomba upya. Alikubali sehemu, akakataa nyingine, na zile alizokataa zimebaki kwake. Nimesikia wengine wakichukua simulizi za kazini na kuziandika bila jina, wakidhani hiyo inatosha. Katika mji wa watu wachache jina halihitajiki. Kiwanda na mwaka vinatosha kumtaja.

Picha za zamani nazo zina mwenyewe hata kama zimepatikana ndani ya boksi la marehemu. Hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mpiga picha kufariki, kwa hiyo uliza familia, andika nyuma ya nakala kwa penseli nani yumo na nani alisema, na rudisha boksi likiwa kamili.

Kwa sasa nashughulika na wasokotaji wa lesi. Cowper aliandika mwaka 1780 kwamba mji huu ulikuwa na karibu wasokotaji 1,200, wengi wao kwenye ukingo wa njaa, na sensa ya mwaka 1851 inawaonyesha nyumba kwa nyumba, wakiwamo wasichana ambao leo wangekuwa shule ya msingi. Nimekwisha kunakili mtaa mmoja. Anayeweza kusoma majina ya sensa na ana Alhamisi moja ya mapumziko anaweza kuchukua mtaa unaofuata. Karatasi za kunakilia ninazo, na maktaba ya mji inafungua kompyuta zake kwa yeyote mwenye kadi.